Waziri Mkuu mwenye kura 18,884

Fundi cherehani niliyepakana naye pale Mbuyuni ni mtu wa redio. Redio yake iko juu ya meza ya kukatia vitambaa, haizimwi kutwa nzima, na habari za dunia anazijua kuliko vijana wenye simu kubwa. Basi Julai 2024, ilipotangazwa kwamba Uingereza imepata Waziri Mkuu mpya, aliingia dukani kwangu na futi kamba yake shingoni, hata shikamoo yangu hakuisubiri iishe.

"Mwalimu, huyu Starmer kapata kura ngapi?"

Nikamtafutia kwenye simu. 18,884.

"Elfu kumi na nane? Nchi nzima?"

"Si nchi nzima, fundi. Jimboni kwake."

"Mimi nauliza za uwaziri mkuu."

"Hizo hazipo."

Aliona namfanyia mzaha. Akasema kwa kura hizo hapa Moshi hata ubunge hupati, sembuse kuongoza taifa lililotutawala. Akarudi kwenye mashine yake akicheka, lakini nilijua atarudi, na kweli jioni alirudi.

Kabla ya kufungua hii steshenari nilifundisha Uraia shule ya kata huko Kibosho, na swali la fundi ndilo wanafunzi walilokuwa nalo kila mwaka tulipofika kwenye mifumo ya serikali. Kitabu kilieleza mfumo wa kibunge kwa mistari michache. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anapata alama zake, halafu anaondoka akiamini kwamba Mwingereza naye ana karatasi ya Waziri Mkuu kama sisi tulivyo na karatasi ya Rais. Hana. Hajawahi kuwa nayo. Na ushahidi wa hilo ninao ndani ya familia yangu.

Mdogo wangu wa kike anaishi Uingereza, mji mdogo wa kaskazini, anafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee. Hajabadili uraia. Ana pasipoti yetu ileile ya bluu na kibali cha kuishi kule. Na tarehe 4 Julai 2024 alipiga kura ya Bunge la Uingereza, kihalali kabisa.

Wengi nikiwasimulia hili wananikatalia. Lakini sheria yao ndivyo ilivyo: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule kwa kibali anaweza kujiandikisha na kuchagua mbunge. Mtanzania, Mkenya, Mhindi, Mnaijeria, wote wamo. Mjerumani au Mfaransa aliyepanga nyumba ya jirani, hata akilipa kodi miaka ishirini, hayumo. Ni mabaki ya himaya ya zamani, na kwa mara moja mabaki hayo yametuangukia upande wetu. Uchaguzi huo pia ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza kule kudai kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Madola inakubalika. Kwa hiyo mdogo wangu alimkabidhi karani pasipoti yenye nembo yetu, bibi na bwana na meno yao ya tembo, karani akatafuta jina kwenye daftari, akalitia alama, akampa karatasi. Huyo huyo hana utaratibu wa kumchagua mbunge wa Moshi Vijijini alikozikwa baba yetu, kwa sababu kura ya kwetu unaipiga kwenye kituo ulichojiandikisha na aliye nje ya nchi hana kituo. Hilo lina hasira zake, nitaliandikia siku nyingine.

Alinitumia sauti ya WhatsApp akiwa njiani kurudi nyumbani, unamsikia anahema kwa kilima. "Kaka, karatasi moja tu!"

Sisi tumezoea tatu: Rais, mbunge, diwani. Yeye alipewa moja, ndefu, ina majina ya wagombea wa jimbo lake yamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, pembeni nembo ya chama. Picha hakuna. Hili la picha lilimshangaza kuliko yote, maana huku mgombea anakutazama kutoka kwenye karatasi, amevaa suti au kitenge. Ndani ya kituturi kuna penseli imefungwa kwa kamba. Penseli, si kalamu. Unaweka alama ya X, unakunja, unatumbukiza sandukuni. Wino wa kidole hakuna. Askari hakumwona. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa, na mama aliyemtangulia alikuja na mbwa wake, mbwa akaingia naye hadi ndani na wala hakuna aliyeona ajabu. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, kwa hiyo yeye alipita pale akitoka zamu ya usiku, akaenda zake kulala.

"Na jina la Starmer?" nikamwandikia.

"Halikuwepo. Wala la Sunak."

Halikuwepo kwa sababu Keir Starmer alikuwa mgombea ubunge wa jimbo moja, Holborn and St Pancras, katikati ya London. Walioliona jina lake ni wapiga kura wa jimbo hilo basi. Wakampa hizo 18,884, na aliyemfuata alikuwa mgombea binafsi, Andrew Feinstein, mtu aliyewahi kuwa mbunge wa ANC huko Afrika Kusini, kura 7,312. Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu siku hiyo, naye alikuwa anahangaikia jimbo lake la Richmond and Northallerton kule Yorkshire. Waingereza wengine wote, pamoja na mdogo wangu, walikuwa wakichagua mtu wa kwao.

Uchaguzi wa Bunge si uchaguzi mmoja. Ni chaguzi nyingi ndogo ndogo zinazofanyika siku moja, na kule ni 650. Watu wa Arusha Mjini hawahitaji kufundishwa hili. Mwaka 2015 mgombea mmoja wa ubunge alifariki kabla ya siku ya kura. Nchi nzima ikapiga kura tarehe 25 Oktoba, Rais Magufuli akaapishwa tarehe 5 Novemba, na Arusha bado hawana mbunge. Walimchagua tarehe 13 Desemba. Jimbo lina maisha yake.

Ndani ya kila jimbo la Uingereza hesabu ni ileile ya kwetu: mwenye kura nyingi kuliko wenzake amechukua, hata kama hakufika nusu. Baada ya hapo kura zinawekwa pembeni na kinachohesabiwa ni viti. Nusu ya 650 ni 325, hivyo chama chenye 326 kina wingi. Labour, chama cha Starmer, walipata 411. Tarehe 5 Julai Sunak akaenda kwa Mfalme Charles akajiuzulu, Starmer akaitwa, na siku hiyo hiyo akaanza kazi. Hakuna uwanja uliojaa, hakuna gwaride wala mizinga.

Jioni fundi aliposikiliza yote haya akasema, "Kwa hiyo wabunge ndio wanaomchagua." Karibu sawa, ila Uingereza hawapigi hata hiyo kura; inachukuliwa tu kwamba kiongozi wa chama chenye wingi anaungwa mkono mpaka itakapothibitika vinginevyo. Wanaopiga ni Wajerumani. Tarehe 6 Mei 2025 Friedrich Merz aliingia bungeni na mkataba wa vyama ulioshasainiwa, akiwa na wabunge 328 upande wake, akihitaji 316 kuwa Kansela. Kura ni ya siri. Akapata 310. Yaani kuna wenzake waliompigia makofi asubuhi wakamnyima kura ndani ya sanduku. Ilibidi warudie alasiri, akapata 325. Fundi aliipenda hiyo kuliko habari zote za Uingereza.

Lakini bado alishikilia kwamba mambo hayo ni ya Wazungu na sisi hayatuhusu. Nikamuuliza, "Fundi, Meya wa Moshi ulimpigia kura lini?"

Akafikiri. Hakuwahi. Hakuna mkazi wa Moshi wala wa Arusha aliyewahi kushika karatasi ya kumchagua Mstahiki Meya. Unamchagua diwani wa kata yako, basi. Madiwani wa kata, wale wa viti maalum na wabunge wanakaa kwenye baraza, wanamchagua mmoja wa madiwani awe meya, na chama chenye viti vingi barazani ndicho kinachotoa meya. Huo ni mfumo wa kibunge mtupu, uko hapo ofisi za manispaa, hatua chache kutoka kwenye mashine ya fundi.

Na nani anaruhusiwa kuingia ndani ya chumba kile kupiga kura si jambo dogo. Baada ya uchaguzi mkuu wa 2010 madiwani wa Arusha waligawanyika karibu sawa kwa sawa. Ubishi ukaangukia kwenye uhalali wa kikao na wa mpiga kura mmoja: mbunge wa viti maalum ambaye wapinzani walisema ni wa mkoa wa Tanga, hivyo hana kiti katika baraza la Arusha. Meya akatangazwa, CHADEMA wakakataa kumtambua. Tarehe 5 Januari 2011 yakafanyika maandamano mjini, polisi wakatumia risasi, watu wakafa. Nilikuwa bado nafundisha wakati ule, na shule zilipofunguliwa kidato cha tatu kizima kilitaka kujua jambo moja: kwa nini wananchi wasingeulizwa wenyewe wanamtaka nani. Niliwaeleza utaratibu. Utaratibu waliuelewa upesi, hawakuukubali.

Nchi nzima iliwahi kuendeshwa hivyo, na hili vijana wengi hawalijui. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa na Rais. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na alikipata cheo kwa njia ileile ya Starmer: katika uchaguzi wa 1960 chama chake cha TANU kilichukua viti 70 kati ya 71. (Kile kimoja kilikuwa cha huku kwetu kaskazini, Mbulu. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU, alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama, akamshinda.) Uhuru haujatimiza miezi miwili, Januari 1962 Nyerere akajiuzulu ili akajenge chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Nani alipigiwa kura hapo? Hakuna. Wingi wa TANU bungeni ulikuwa palepale, aliyebadilika ni mtu wa mbele. Mpaka Novemba 1962 ndipo wananchi walipochagua Rais, Nyerere dhidi ya Zuberi Mtemvu, na Jamhuri ikaanza Desemba.

Nikifika hapo huwa nawaambia watu: sasa mshaelewa ya Uingereza ya mwaka 2022. Mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka mmoja, hakuna uchaguzi mkuu hata mmoja. Boris Johnson alisukumwa nje na wabunge wake mwenyewe. Liz Truss akachaguliwa na wanachama wa chama chake, kura 81,326 kwa 60,399 za Sunak, akaingia Septemba, akadumu siku 49. Oktoba Sunak akachukua bila hata wanachama kupiga kura, kwa kuwa mshindani wake alijitoa. Wingi wa Conservative, chama chao wote watatu, ulikuwa palepale. Huku kwetu watu walicheka wakasema Uingereza imekuwa kituko. Mimi naona mfumo ulifanya kilekile uliotengenezewa, ila kwa aibu kidogo. Truss mwenyewe alipigwa na wananchi baadaye, 2024, akapoteza hata jimbo lake kwa kura 630.

Tofauti kubwa na yetu iko kwenye nani anaanguka. Mikoa ya kaskazini imetoa mawaziri wakuu wanne: Sokoine na Lowassa wa Monduli, Msuya wa Mwanga, na Sumaye wa Hanang, ambayo alipoteuliwa ilikuwa bado mkoa wa Arusha. Wote walikuwa wabunge. Watu wa Monduli walimpa Lowassa ubunge. Hakuna Mtanzania aliyempa uwaziri mkuu kwa kura. Ibara ya 51 ya Katiba inamtaka Rais amteue Waziri Mkuu kutoka kwa wabunge wa majimbo, wa chama chenye wabunge wengi, na Bunge limthibitishe. Ukiisoma polepole unaisikia Uingereza ndani yake. Lakini Februari 2008, ripoti ya kashfa ya umeme ya kampuni ya Richmond iliposomwa na Lowassa akajiuzulu, baraza la mawaziri likavunjika, Rais Kikwete akamteua Pinda, na maisha yakaendelea. Hatukurudi vituoni.

Kule serikali inaweza kuanguka yote, wananchi wakarudi vituoni. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilipigiwa kura ya kutokuwa na imani. Labour hawakuwa tena na wingi wao wenyewe, walikuwa wanaokoteza kura huku na huku. Mbunge wao mmoja, Sir Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa mahututi nyumbani Yorkshire. Alikuwa tayari kupakiwa kwenye gari la wagonjwa apelekwe London akahesabiwe. Viongozi wa chama wakaamua asisafirishwe, asije akafia njiani. Matokeo: 311 kwa 310. Serikali ikaanguka kwa kura moja, uchaguzi ukaitishwa, Margaret Thatcher akaingia na kukaa miaka kumi na moja. Broughton alifariki siku chache baada ya kura ile. Nilipokuwa nafundisha, hii ndiyo hadithi iliyowanyamazisha hata wale wa viti vya nyuma, na kila mwaka darasa liligawanyika: nusu walisema angepelekwa tu.

Kuna upande wa mfumo huu siupendi, na namba zake ninazijua kwa kichwa. Mwaka 2024 Labour walipata asilimia 33.7 ya kura za nchi nzima, wakachukua viti 411 kati ya 650. Theluthi ya kura, karibu theluthi mbili ya viti. Reform UK walipata asilimia 14.3, wakaambulia viti 5. Liberal Democrats walipata asilimia 12.2, pungufu ya hao Reform, wakapata viti 72. Haukuwa wizi. Reform walikuwa na watu kila mahali, wachache wachache, wa pili hapa, wa tatu pale, na mfumo huo haumlipi mshindi wa pili. Liberal Democrats kura zao zilijaa kwenye majimbo yaleyale. Fundi, ambaye ni mtu wa vipimo, alitaka kujua kama kuna mtu aliyeshtaki. Nikamwambia hakuna cha kushtaki, sheria imefuatwa.

Mama yetu alikwenda moja kwa moja kwenye kiini bila namba yoyote. Mdogo wangu alipompigia simu Kibosho kumsimulia habari za kura yake, mama akauliza, "Uliyempigia kapita?"

"Hakupita, mama."

"Basi kura yako imekwenda wapi?"

Mdogo wangu akanipa mimi nijibu, yeye ana haraka ya kazini.

Kwa Uingereza jibu ni kwamba haikwenda popote. Ilihesabiwa, ikaandikwa, ikaishia jimboni. Haibadilishi idadi ya viti vya chama chochote. Kwa Ujerumani jibu ni jingine: mpiga kura ana kura mbili kwenye karatasi moja, ya kwanza ya mtu wa jimbo, ya pili ya chama, na hii ya pili ndiyo inayogawa viti vya Bunge kwa uwiano, mradi chama kimevuka asilimia 5. Ukishindwa jimboni bado umehesabika kitaifa.

Na kwetu? Hapa ndipo mama aliponisikiliza vizuri, maana yeye amepiga kura chaguzi zote na hakuwahi kuambiwa. Kura ya ubunge uliyompa aliyeshindwa Moshi haifi. Inaingia kwenye jumla ya kura za ubunge za chama chake nchi nzima, na chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura hizo halali kinapewa wabunge wa viti maalum kwa uwiano wa kura zake. Kwa hiyo karatasi yako ya mbunge inafanya kazi mbili, ila ya pili haijaandikwa popote kwenye karatasi. Majina ya akina mama hao yanatoka kwenye chama, huyaoni kituoni. Napenda uwiano, sipendi kwamba sijui namtuma nani. Wajerumani angalau majina ya juu ya orodha ya chama wanayaona yamechapwa pale pale wanapopiga alama.

"Kwa hiyo hata yule wangu wa mwaka ule aliyeanguka?" mama akauliza.

"Hata yule."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mbolea aliyoagiza nimeshainunua.

Sijagusa mgombea binafsi ipasavyo na sitamaliza bila kumtaja, kwa sababu fundi alinibana. Aliposikia habari za Feinstein, na kwamba Jeremy Corbyn aliyefukuzwa Labour alisimama peke yake Islington North na akashinda, alitaka kujua kwa nini hapa haiwezekani. Katiba yetu inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na adhaminiwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga hiyo mahakamani kwa miaka mingi, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba zuio hilo linakiuka haki. Mahakama yenyewe iko Arusha. Hukumu ilisomwa mwendo wa saa mbili kutoka hapa kwa basi, na karatasi ya kura haijabadilika. Inahusiana vipi na mfumo wa kibunge? Sana. Kule mbunge akihama chama, kiti anabaki nacho, kwa kuwa wanahesabu kwamba jimbo lilimchagua yeye. Huku akihama, ubunge umekwisha, uchaguzi mdogo unaitishwa. Wao wanasema wamechagua mtu, halafu mtu huyo anahesabiwa kama chama. Sisi tunakiri tangu mwanzo kwamba ni chama.

Nilipomwuliza mdogo wangu anauonaje mfumo wao baada ya kuutumia, hakunijibu habari za asilimia. Alinisimulia maombi ya viza ya mumewe, yaliyokaa kwenye ofisi moja ya serikali mpaka akachoka kupiga simu. Mfanyakazi mwenzake akamwambia amwandikie mbunge. Akasema mimi huyo sikumpigia. Mwenzake akamwambia haijalishi, hajui na haruhusiwi kujua, wewe ni mtu wa jimbo lake. Akaandika, akaweka anuani ya nyumbani, maana hicho ndicho wanachoangalia kwanza: kama kweli unaishi jimboni. Jibu la ofisi ya mbunge lilikuja likiwa na nembo ya Bunge, wakaifuatilia ile ofisi, na maombi yakaanza kusogea.

Amemwandikia barua ya shukrani. Na anasema uchaguzi ujao, ambao lazima ufanyike kabla ya 2029 kwisha, bado hampi kura.